Kutathmini kama kemikali inaharibu vinasaba: hatua kwa hatua, kwa pakiti moja ya rangi ya ukindu

Mama mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, anayesuka ukili na kushona mikeka aliniletea kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na unga mweusi, kama vijiko vitatu vya chakula, alioununua Kariakoo. Kifuko hakikuwa na jina wala namba, bei tu iliyoandikwa kwa kalamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nitazamie hii. Tangu Ijumaa nasugua kwa ndimu na jivu, kucha hazitoki weusi."

Kweli, vidole vilikuwa vyeusi mpaka kwenye viungo, na kwenye mashina ya kucha rangi ilikuwa imekaa kama wino. Unga huo huupima kwa kifuniko cha chupa ya maji, akaumimina kwenye sufuria inayochemka, akatumbukiza ukindu na kuukoroga kwa mti, wajukuu wakicheza palepale uani. Alichotaka kujua ni kama rangi hiyo inaweza kumletea maradhi ya baadaye, yeye au watoto wale.

Swali lake ni zito kuliko "je, ni sumu?" Sumu ya kawaida hujitangaza: utatapika, macho yatawasha, utakimbizwa hospitali. Kemikali inayogusa vinasaba hufanya kazi yake kimya. Ndani ya kila seli kuna DNA, maandishi marefu ya herufi nne yanayoiambia seli iwe nini na igawanyike lini. Herufi ikibadilika mahali pabaya, seli inaweza kuanza kugawanyika bila breki, na saratani ikaonekana miaka kumi, ishirini au thelathini baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka kifuko cha nailoni. Herufi ikibadilika ndani ya mbegu ya baba au yai la mama, mabadiliko huweza kumfikia mtoto.

Nitaeleza hapa jinsi tathmini ya namna hii inavyofanyika, nikifuata unga wa yule mama kutoka mwanzo hadi mwisho. Hatua mbili za kwanza anaziweza mtu yeyote mwenye simu na kalamu: fundi rangi wa Keko, mtengeneza sabuni wa Tandale, mwenye saluni. Zinazofuata zinahitaji kemia ya kidato cha sita au chuo. Kazi ya bakteria na seli ni ya maabara yenye watu waliofunzwa, na haifanyiki jikoni.

Hatua ya kwanza: ijue kemikali kwa jina lake kamili

Hapa ndipo tathmini nyingi hufa. "Rangi nyeusi" si jina, wala "thina" au "dawa ya kunyoosha nywele". Usipojua ni kitu gani hasa, yote utakayosoma baadaye yatakuwa ya kitu kingine.

Unachotafuta ni namba ya CAS, namba ya utambulisho ambayo kila kemikali inayojulikana imepewa. Majina hubadilika kwa lugha na kwa biashara, namba haibadiliki. Formaldehaidi ni 50-00-0 iwe imeandikwa formalini au jina lingine la kuipamba. Benzini ni 71-43-2.

Namba hiyo ina kinga ndani yake ambayo watu wengi hawaijui. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua tarakimu zote zilizo kabla yake, anza kulia kwenda kushoto, zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 3, endelea hivyo, kisha jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na tarakimu ya mwisho ya namba. Tuijaribu benzini, 71-43-2: 3 mara 1 ni 3, kisha 4 mara 2 ni 8, 1 mara 3 ni 3, 7 mara 4 ni 28. Jumla 42. Inaishia na 2, imelingana. Isipolingana, ama mwandishi alikosea ama namba ni ya kubuni.

Kifuko cha mama hakikuwa na namba, kwa hiyo nilimwomba arudi kwa muuzaji na ombi moja tu: apige picha gunia ambalo unga ulipimwa kutoka humo. Muuzaji alikubali. Ubavuni mwa gunia palisomeka C.I. Direct Black 38, na chini yake 1937-37-7. Nikahesabu: 7, 6, 21, 12, 45, 6. Jumla 97. Imelingana.

Ukifika hapa, dai karatasi ya taarifa za usalama. Ina sehemu 16, lakini kwa kazi hii anza na tatu: sehemu ya 2 inayotaja hatari, ya 3 inayotaja viambato, na ya 11 inayoeleza matokeo ya vipimo vya sumu. Kwenye sehemu ya 2 tafuta H340, maana yake inaweza kuharibu vinasaba, H341, inashukiwa kuviharibu, na H350, inaweza kusababisha saratani. Alama yake ni umbo la mtu kifuani mwake pamepasuka kama nyota. Ukikuta sehemu ya 11 imeandikwa "hakuna data", isome kama ilivyo: hakuna aliyekupa matokeo. Haina maana ya salama, ingawa nimeona watu wazima wenye shahada wakiisoma hivyo na kugonga muhuri.

Na muuzaji akikataa kukuonyesha gunia? Basi jibu unalo. Usiinunue. Kitu kisichojulikana, cha unga unaopeperuka na kushika ngozi, hakina tathmini ya kukitetea.

Hatua ya pili: tafuta waliokwisha kupima

Kemikali nyingi za sokoni zimeshapimwa na mtu mahali fulani. Weka namba ya CAS kwenye PubChem, hifadhidata ya kemikali ya bure mtandaoni, kisha angalia kama Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka kundi gani. Kundi la 1 ni zile zenye ushahidi wa kutosha kwamba zinasababisha saratani kwa binadamu, 2A huenda zinasababisha, 2B inawezekana, na la 3 haziwezi kuwekwa kwenye daraja kwa ushahidi uliopo. Makundi haya yanapima uzito wa ushahidi. Hayasemi ni kiasi gani kitakudhuru, na ndiyo maana jua, pombe na benzini vinakaa pamoja kundi la 1.

Ukikuta ripoti ya kipimo cha vinasaba, usikimbilie neno la mwisho. Soma kemikali iliyopimwa ilikuwa safi kiasi gani, ilipimwa kwa bakteria gani, na kama iliongezewa vimeng'enya vya ini au la. Ripoti isiyojibu hayo matatu huwa naiweka pembeni hata iwe imechapishwa wapi.

Kwa unga wetu jibu lilipatikana mapema: rangi zinazogeuka kuwa benzidini mwilini, huu ukiwa mmojawapo, ziko kundi la 1. Ningeweza kumpigia mama simu jioni ileile na kumaliza. Naendelea kwa sababu kesho utaletewa rangi ambayo IARC haijaigusa, na itabidi uione hatari kwa macho yako.

Hatua ya tatu: utazame muundo

DNA ina sehemu nyingi zenye elektroni za ziada, hasa kwenye herufi G, guanini. Kemikali yenye njaa ya elektroni ikiingia ndani ya seli itazifuata hizo na kujishikiza. Seli inapokuja kunakili DNA yake inafika pale penye kitu kilichong'ang'ania, inasoma vibaya, na kosa linabaki. Kwa hiyo unapoutazama muundo unatafuta njaa hiyo, au kitu kinachoweza kugeuka kuwa na njaa hiyo.

Mwaka 1988 John Ashby na Raymond Tennant walikusanya viashiria vya namna hii, na hadi leo ndivyo msingi wa kazi. Epoksaidi, ile pembetatu ya kaboni mbili na oksijeni moja. Gesi ya ethilini oksaidi inayotumika kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali ni ya ukoo huo. Aldehaidi, ambamo formaldehaidi imo. Kundi la nitro lililokaa kwenye pete ya benzini. Nitrosamini, zinazopatikana kwenye moshi wa sigara na kwenye ugoro. Kaboni iliyobeba klorini au bromini inayong'oka kirahisi. Amini iliyoshikwa na pete ya benzini. Na azo, yaani nitrojeni mbili zilizoungana kwa kifungo maradufu, ndiyo inayozipa rangi nyingi za nguo na ngozi rangi yake.

Kiashiria ni sababu ya kushuku. Kuna vitu vinavyokipunguza makali. Molekuli kubwa yenye chaji, kwa mfano yenye makundi ya salfonati, hupenya utando wa seli kwa shida. Ndiyo maana rangi ya azo yenye salfonati kwenye kila kipande huogopwa kidogo kuliko isiyo nayo. Swali ni salfonati hizo zimekaa wapi.

Chukua penseli. Chora Direct Black 38. Utaona vifungo vitatu vya azo na salfonati mbili. Mtu mwenye haraka ataziona zile salfonati na kusema molekuli ni kubwa, ina chaji, haiingii. Sasa kata kila kifungo cha azo katikati, na kila nitrojeni iliyobaki ipe haidrojeni mbili. Vipande vitaanguka kwenye karatasi: kimoja ni anilini, kingine kina salfonati zote mbili, kingine ni pete moja yenye amini tatu. Kilichobaki ni pete mbili zilizoungana, amini huku na amini kule, bila chaji yoyote. Hiyo ni benzidini. Ilikuwa imekaa katikati ya molekuli, na salfonati zote zilikuwa kwa jirani.

Hatua ya nne: uliza itageuka nini

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyowahi kuniumbua.

Mwili haukai na kemikali kama ulivyoipokea. Bakteria wa utumbo wanaivunja, ini linaiwekea oksijeni ili iyeyuke na kutoka kwa mkojo, na mara nyingine katika kuisafisha linaitia makali. Aflatoksini ya kwenye mahindi na karanga zilizoota ukungu haigusi DNA inapoingia mdomoni. Ini huigeuza kuwa epoksaidi, na epoksaidi hiyo hujishikiza kwenye guanini. Akrilamaidi, inayotokea wanga unapokaangwa kwa moto mkali, chipsi zikiwemo, haibadilishi bakteria wa kipimo cha kawaida. Ini likishaigeuza kuwa glisidamaidi, inawabadilisha.

Benzidini nayo hupitia ini, huwekewa oksijeni kwenye amini, kisha husafiri hadi kwenye kibofu cha mkojo. Mkojo unakaa pale kwa saa kadhaa, na kinachozalishwa humo kinashika DNA ya ukuta wa kibofu. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Ludwig Rehn, alitoa taarifa ya saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi huko Frankfurt. Ilichukua miongo mingi baada ya hapo kuzitambua amini zenyewe na kuziwekea mipaka.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa rangi ya azo niiandikie maoni. Kulikuwa na ripoti ya maabara moja, imeandaliwa vizuri, imepigwa mhuri: kipimo cha bakteria hasi, pamoja na vimeng'enya vya ini na bila navyo. Nikaandika hakuna ushahidi wa kuharibu vinasaba, nikasaini. Mzee mmoja aliyekuwa akinifundisha kazi aliisoma, akaniuliza swali moja: "Uliipa nafasi ya kuvunjika?" Sikuelewa. Akanieleza kwamba kipimo cha kawaida kina hewa ya oksijeni na ini la panya, na mazingira hayo hayakati kifungo cha azo ipasavyo. Utumbo wa binadamu hauna oksijeni na una bakteria wanaokikata vizuri mno. Rangi ile ilikuwa imepimwa ikiwa nzima. Nililala vibaya usiku ule nikiwaza waliokuwa wameanza kuitumia kwa saini yangu. Tuliiondoa ripoti na kuagiza kipimo upya.

Tangu siku hiyo, kabla ya kusoma matokeo yoyote, naandika kwenye karatasi kila kitu ambacho kemikali inaweza kuwa: ikivunjwa na maji, ikikutana na tindikali ya tumbo, ikikatwa na bakteria, ikitiwa oksijeni na ini. Kila kipande nakirudisha hatua ya pili na ya tatu.

Hatua ya tano: programu mbili za aina tofauti

Kuna programu za kompyuta zinazosoma muundo na kutabiri. Toxtree, VEGA na OECD QSAR Toolbox zote zinapatikana bila malipo. Unaandika muundo kwa mstari wa herufi uitwao SMILES, ambao PubChem itakupa; formaldehaidi, kwa mfano, ni C=O tu. Kabla ya kuubandika ondoa sodiamu na chumvi nyingine.

Tumia mbili, moja inayofuata kanuni za viashiria na nyingine inayojifunza kwa takwimu kutoka kwenye kemikali zilizopimwa. Ndivyo mwongozo wa kimataifa wa dawa uitwao ICH M7 unavyotaka kwa uchafu unaobaki ndani ya vidonge. Zikikubaliana una la kusimamia. Zikipingana, rudi kwenye penseli. Na angalia kama programu yenyewe inasema kemikali yako iko ndani ya eneo inalolijua. Programu haitakataa kutoa jibu kwa molekuli ambayo haijawahi kuona mfano wake.

Pima pia ndugu wa karibu. Miaka ya 1970 nguo za kulalia za watoto Marekani zilitiwa kemikali ya kuzuia moto iitwayo Tris. Mwaka 1977 Arlene Blum na Bruce Ames walionyesha kwamba inabadilisha vinasaba vya bakteria, na ikapigwa marufuku kwenye nguo hizo. Viwanda vikahamia kwenye ndugu yake, muundo unaofanana nao sana, klorini zikiwa zimekaa mahali pa bromini. Mwaka 1978 naye akaonekana anabadilisha vinasaba. Muuzaji akikwambia "hii ni mbadala", chora zote mbili uzilinganishe.

Hatua ya sita: bakteria wa Ames

Pale ambapo hakuna data, au data inapingana, unaomba kipimo cha Ames, kilichopewa jina la huyohuyo Bruce Ames wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wazo lake linanifurahisha hadi leo. Wanachukuliwa bakteria wa Salmonella ambao jeni yao ya kutengeneza histidini imeharibika, kwa hiyo wakiwekwa mahali penye histidini kiduchu hawawezi kukua na kuonekana. Unawachanganya na kemikali yako. Kama inabadilisha herufi za DNA, wachache watabahatika herufi iliyoharibika ikarudi sawa, na kila mmoja atakua kuwa koloni, kitone cheupe unachoweza kukihesabu. Kemikali inayotengeneza makosa inajifichua kwa kusahihisha kosa la zamani.

Unapoagiza kipimo, taja mwongozo namba 471 wa OECD, shirika la nchi kadhaa linalotoa miongozo ya vipimo vya kemikali. Dai aina tano za bakteria: TA98, TA100, TA1535, TA1537, na ama TA102 ama E. coli WP2 uvrA, kwa sababu kila aina inanasa kosa la namna yake. Dozi zisipungue tano, kila dozi sahani tatu, hadi miligramu 5 kwa sahani kama kemikali haiwaui bakteria kabla ya hapo. Nusu ya sahani ziwe na S9, rojo ya vimeng'enya vya ini la panya, na nusu zisiwe nayo. Sahani hukaa kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 48 hadi 72.

Kwa rangi ya azo, na hapa ndipo niliposhindwa zamani, omba marekebisho ya Prival: ini la hamsta badala ya panya, kiasi kikubwa zaidi, pamoja na flavini inayosaidia kukata azo, na kemikali iachwe ikae na mchanganyiko huo kwanza kabla ya kumwagwa kwenye sahani. Usipoyataja, maabara itafanya ya kawaida na hutajua.

Matokeo yakija, tuseme TA98 pamoja na S9, sahani zisizo na kemikali zina wastani wa koloni 30. Kwenye maikrogramu 50 unapata 33, kwenye 150 unapata 48, kwenye 500 ni 85, kwenye 1,500 ni 160, kwenye 5,000 ni 40. (Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya somo.) Mgeni hutazama mwisho na kusema imeshuka, hakuna tatizo. Tazama mwendo wake: inapanda kadiri dozi inavyopanda, na kwenye 500 imeshapita mara mbili ya 30, kipimo kinachotumika sana kwa TA98. Pale kwenye 5,000 bakteria wamekufa. Utalijua hilo ukiinua sahani kwenye mwanga. Chini ya koloni huwa kuna ukungu mwembamba wa bakteria waliokua kidogo kwa ile histidini kiduchu. Ukungu ukipotea, dozi inaua, na vitone vidogo kama ncha ya pini utakavyoviona hapo ni manusura waliokula histidini ya wenzao. Hao hawahesabiwi.

Rangi nyeusi ina shida yake ya ziada: agari, ile jeli ya kwenye sahani, inakuwa kama lami na mashine ya kuhesabu haioni kitu. Omba zihesabiwe kwa macho.

Hatua ya saba: usiwaamini bakteria peke yao

Bakteria hawana kromosomu kama zetu. Kemikali inayovunja kromosomu vipande, au inayovuruga ugawanaji wake seli inapogawanyika, inaweza kupita Ames bila kuguswa. Benzini ni mfano unaotosha: kwenye Ames kwa kawaida ni hasi, lakini huvunja kromosomu na kusababisha saratani ya damu kwa binadamu. Imo ndani ya petroli, na wale vijana wa vituo vya mafuta wanaivuta kutwa nzima.

Kwa hiyo kipimo cha pili hufanywa kwa seli za mamalia, mara nyingi kile cha mikronyuklia, OECD 487. Baada ya seli kugawanyika unatafuta kwa hadubini viini vidogo vilivyoachwa nje ya kiini kikuu, yaani vipande vya kromosomu vilivyokosa pa kwenda. Vipimo ndani ya mnyama, kama OECD 474 kwenye uboho au kipimo cha kometi, OECD 489, huja mwisho, na pale tu ambapo hatua za nyuma zimeacha swali la kweli. Sioni sababu ya kuua panya kwa jibu ambalo penseli imeshatoa.

Hatua ya nane: pima ushahidi pamoja na mguso

Sasa weka yote mezani. Kiashiria kipo, programu mbili zimekubaliana, Ames chanya, mikronyuklia chanya: hapo hakuna mjadala. Pakipingana, tafuta sababu. Azidi ya sodiamu huwabadilisha bakteria vikali hadi maabara huitumia kuthibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi, ilhali panya waliolishwa kwa miaka miwili kwenye uchunguzi wa Marekani hawakuonyesha saratani itokanayo nayo. Bado ni sumu kali inayoua kwa njia nyingine. Tathmini ya vinasaba haijibu kila swali.

Halafu uliza ni kiasi gani kinaingia mwilini. ICH M7 inatumia kikomo cha maikrogramu 1.5 kwa siku kwa uchafu wa dawa unaoshukiwa kubadilisha vinasaba, kiwango kinachokadiriwa kuongeza hatari ya saratani kwa mtu mmoja kati ya 100,000 maisha yao yote. Kikomo hicho ni cha vidonge, na hakizihusu nitrosamini wala jamaa wa aflatoksini ambao ni wakali zaidi. Nakitumia kupata picha ya ukubwa tu. Gramu moja ya unga, pungufu ya inayobaki kwenye kile kifuniko cha chupa, ina maikrogramu 1,000,000. Igawe kwa 1.5: ni siku 666,666, zaidi ya miaka 1,800. Sasa mfikirie mama anapomimina unga kwenye mvuke unaopanda, usoni kwake, mara moja kwa wiki.

Hatua ya tisa: andika, na upeleke panapohusika

Hukumu yako iwe fupi. Jina na CAS, ulichokiona kwenye muundo, kinachoweza kutokea mwilini, vipimo vilivyopo na mapungufu yake, jibu lako, na nani azuiwe kugusa nini. Yangu kwa unga ule ilikuwa nusu ukurasa: isitumike, isimwagwe bombani wala Mto Mzinga, ifungwe ndani ya vifuko viwili na irudishwe.

Kemikali za viwandani na majumbani nchini ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa Sheria Na. 3 ya 2003. Vipodozi na vyakula vipo TBS tangu 2019, dawa TMDA, na usalama wa mahali pa kazi ni OSHA. Peleka na picha ya gunia. Picha ile inafanya kazi kuliko maneno yako yote.

Nilimweleza mama kwa mdomo, nikiwa nimekaa kwenye kigoda uani kwake, na nilimchorea molekuli kwenye daftari la mjukuu wake wa Kidato cha Pili, nikaikata mbele yake. Alinyamaza kidogo, akauliza habari za mkojo, na kama aende hospitali. Nikamwambia aende, amweleze daktari miaka aliyoitumia, na asisubiri kuona damu. Akaenda wiki ile.

Mwezi uliofuata simu ilipigwa kutoka Kariakoo. Mama alikuwa dukani na mjukuu, wameonyeshwa rangi ya bluu yenye lebo, imechapishwa vizuri. Nilimsikia kijana akisoma 8312-46-1, kisha akihesabu kwa sauti katikati ya kelele za mikokoteni: sita, nane, sita, nne, kumi na tano, arobaini na nane.

"Themanini na saba, bibi. Ilitakiwa iishie na saba."

"Hiyo inaishia na ngapi?"

"Moja."

"Mrudishie mwenyewe," akasema mama. "Muulize kama anayo nyingine."